Geukia Ukutani

Duka la kuchapisha kadi ni langu na kompyuta niliinunua mimi. Lakini kusasisha programu yoyote kwenye mfumo wake wa Linux kunahitaji neno la siri la msimamizi, na analo shemeji, mdogo wa mume wangu, aliyeniwekea mfumo. Leo printa iligoma mpaka programu yake isasishwe, wateja wamejaa mlangoni. Nikampigia simu.

"Nitajie tu, shemeji."

"Utaharibu, shemeji. Nakuja."

Akaja akijikokota. "Geukia ukutani," akaniamuru, mbele ya wateja wangu. Nikageuka. Akaandika neno lake kwenye dirisha la amri, kazi ikaanza, akatoka nje kupiga soga.

Fundi huyu alijisahau. Ukishaandika neno la siri, dirisha lile la amri hukuamini kwa dakika kadhaa bila kukuuliza tena. Kusasisha kulipokwisha, nikaandika humo amri mbili: ya kwanza ikanipa mimi usimamizi, ya pili ikamvua yeye.

Jioni akarudi kuweka michezo yake kwenye kompyuta yangu.

"Shemeji, mbona inanikatalia?"

"Sogea nikuandikie," nikamwambia. "Ila kwanza geukia ukutani."