Maneno Matano ya Mama Ayak

Mzee Bior Lueth alitoka kwenye chumba cha mtihani na alama ishirini na tisa kati ya thelathini, na kabla jasho halijamkauka, nusu ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma One ilikuwa imeshazijua hizo alama. Hakujisifu. Aliwaambia tu watu aliokutana nao njiani, mmoja mmoja, kwa sauti ya kuwatosha na wengine watatu waliosimama karibu.

Kwa kweli haukuwa mtihani. Muuguzi Chepchumba, aliyekuja kutoka Lodwar, alikuwa amewaeleza wazee kwamba ni utafiti. Chuo kimoja cha Wales, kule Ulaya, kilikuwa kimeungana na madaktari wa Lodwar ili kujua wazee wa kule na wa huku wanazeekaje: nani anasahau, nani anaanguka, nani anahitaji msaada wa namna gani. Lakini Bior alikuwa amesoma ngumbaru jioni baada ya jioni kwa miaka sita, na cheti chake chenye mhuri kilikuwa ukutani juu ya redio. Mtu wa namna hiyo ukimkalisha mbele ya meza, ukamuuliza maswali na kuyaandika majibu kwa kalamu, huwezi tena kumwambia huo si mtihani.

Ile alama moja iliyopotea ilimuuma kama jipu. Aliambiwa achore saa inayoonyesha saa nane na dakika kumi. Mtu mwingine angeuweka mshale mfupi kwenye mbili, kama saa zote za Kenya. Bior, akijua karatasi zinakwenda Ulaya, aliuweka kwenye nane ili Wazungu wasipate taabu. Wakamkata.

Alikuwa akimweleza jambo hilo Ekal, mzee wa Kiturkana aliyeuza makaa karibu na bomba la maji, Ekal alipomkatiza.

"Sawa, wewe umepita. Na wale wanaanguka, umeuliza wanapelekwa wapi?"

Bior hakuwa ameuliza. Waliofaulu hawana kawaida ya kuuliza hilo.

"Huko kwao yule daktari Mzungu, mzee akisahau jina la mbuzi yake, anawekwa nyumba ya wazee," Ekal alisema. "Anaogeshwa na mtu hajui. Kijana ya dada yangu ndiye anaendesha gari yao, amesikia daktari mwenyewe akisema. Nyumba mingi sana. Na zimejaa."

"Huko ni kwao."

"Na hapa wamefuata nini? Jua?"

Bior alicheka, akaaga, akaondoka polepole kama mtu asiye na haraka. Alipokata kona akaongeza mwendo, kwa sababu Nyibol, mkewe, alikuwa kwenye orodha ya wiki iliyofuata.

Tangu mvua zilizopita, Nyibol alikuwa ametia chumvi kwenye chai mara nne. Mara mbili alikuwa amemwita Bior kwa jina la kaka yake aliyefia Bor, kwao Sudan Kusini, zamani. Juzi alikwenda bombani na mtungi, akarudi na mtungi wa mwanamke mwingine, mwanamke mwenyewe akimfuata nyuma. Bior hakuwa amemwambia mtu. Chai ya chumvi aliinywa yote, na mgeni mmoja alipokunja uso, alimweleza kwamba ndivyo inavyonywewa siku hizi na watu wanaojali mifupa yao.

Sasa aliona mbele yake gari jeupe, na Nyibol ndani yake akipelekwa kuogeshwa na watu wasiomjua. Akaamua kwamba mkewe atafaulu.

"Mama Ayak, kaa hapa," alimwambia jioni ile. "Kuna maneno matano. Wanakutajia, halafu wanakuzungusha na maswali mengine, kisha wanakurudisha: yale maneno yalikuwa yapi? Ndoo, kengele, mkeka, dagaa, kijani. Sema."

"Ndoo," alisema Nyibol. "Unataka ndoo? Iko nje."

"Sitaki ndoo. Nataka useme."

"Baba Ayak, tangu unioe unataka niseme kidogo. Leo umepatwa na nini?"

Siku mbili walihangaika hivyo. Maneno yaliingia na kutoka kama kuku kwenye nyumba isiyo na mlango. Siku ya tatu Bior alikumbuka jambo ambalo Mdinka yeyote angelikumbuka mapema zaidi, lau si kusoma sana. Nyibol alikuwa akisahau alichokula asubuhi, lakini wimbo wa maksai aliotunga baba yake alikuwa anaujua wote, beti zake zote, na pembe za yule maksai zilivyopinda. Katika Wadinka kijana hupewa maksai wake, hujiita kwa jina lake na kumtungia nyimbo, na wimbo wa maksai ukishaingia kichwani mwa mtu hautoki.

Basi Bior akatunga.

Maksai wangu mweupe kaipiga ndoo teke,
kengele ya shingoni ikasikika mtoni Tarach,
kalala juu ya mkeka kama bwana arusi,
dagaa hataki, dagaa hataki,
anangoja nyasi za kijani.

Nyibol aliusikiliza mara moja, akakosoa sauti ya mstari wa tatu, akauimba mara ya pili vizuri kuliko mtunzi. Asubuhi yake aliuimba akifagia. Mchana aliuimba bombani. Bior alifurahi kiasi cha kutolifikiria lile bomba. Pale hujikusanya Wadinka, Wanuer, Wasomali, Wakongo na Waturkana, kila mmoja na Kiswahili chake, na wimbo mzuri hauombi kibali kwa mtu. Hadi Ijumaa hata Ekal alikuwa akiuimba huku akipima makaa, na kila mzee mwenye jina kwenye orodha alikuwa ameshajua kwa nini unaimbwa.

Siku ya mtihani Bior aliketi nje ya kile chumba cha mabati pamoja na waliokwisha pimwa, sikio lake likiwa ukutani. Ndani alikuwapo Chepchumba na karatasi zake, na nyuma yake Daktari Morgan wa Wales, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, aliyekuja kujionea kazi.

Jambo ambalo Bior hakulijua ni kwamba karatasi zilikuwa za aina mbili, ili majirani wasiambiane.

"Mama, nitakutajia maneno matano," alianza Chepchumba. "Nyundo, mvua, kikombe, punda, nyeusi. Sasa nirudishie."

Nyibol alikohoa kidogo, akanyoosha mgongo, akaimba wimbo wote. Alipofika kwenye dagaa, wazee waliokuwa wakingoja nje walimwitikia.

Chepchumba alisubiri wamalize. "Mama, hayo siyo niliyokutajia."

"Najua," alisema Nyibol kwa upole. "Ya kwako hayana sauti nzuri."

Wazee kumi na mmoja walipimwa siku ile. Wote kumi na mmoja walitaja ndoo, kengele, mkeka, dagaa na kijani. Wawili walitaja kabla hawajaulizwa jina. Ekal, aliyepimwa wa mwisho, aliomba kalamu, akachora saa nane na dakika kumi na kuondoka, akisema ana wateja.

Chepchumba aliyahamisha majibu hayo kwenye kompyuta kama yalivyo, kwa sababu ndiyo kazi aliyofundishwa. Hesabu iliyokuwa ikifanywa na mashine kule Wales haikujali ni karatasi ipi. Iliona maneno matano sahihi ya orodha ya kwanza, ikawapa alama. Siku tatu baadaye kukaja barua ya kuuliza wazee wa Kakuma wanakula nini. Nyibol alikuwa amepata ishirini na tano, na mbele ya jina lake iliandikwa kwamba ni mzima na hahitaji kufuatiliwa.

Habari hiyo aliileta Chepchumba mwenyewe, Jumatatu, pamoja na Daktari Morgan. Walikaribishwa viti, Bior akakaa chini ya cheti chake. Nyibol aliwaletea chai. Daktari alikunywa funda moja, akatulia, akameza.

"Mzee," alisema Chepchumba, "mimi sikuja kugombana. Nimekuja kukuambia orodha ya wale hawakupita ni ya nini. Mtu akiwa kwenye hiyo orodha, muuguzi anakuja kwake kila Alhamisi. Anapelekwa Lodwar anapimwa damu, macho na masikio, maana kuna kusahau kwingine kunatibika. Na watu wa nyumbani wanafundishwa kumtunza bila kuchoka wala kugombana. Hakuna mtu anaondolewa kwake."

"Na zile nyumba?"

"Nyumba gani?"

"Za kuogesha wazee. Zimejaa, nasikia."

Chepchumba alimtafsiria daktari. Daktari alijibu, na Chepchumba akageuka.

"Anasema ni kweli ziko, na mama yake mwenyewe yuko katika moja. Anasema ndiyo sababu amekuja huku. Wanataka kujifunza ninyi mnawatunzaje wazee majumbani, wakati sisi tunajifunza kwao kupima. Lakini Jumatano anaandika ripoti, na majibu ya Kakuma yakibaki vile yalivyo bila maelezo, yatatupwa. Hakutakuwa na Alhamisi ya mtu yeyote."

Bior alitazama nje. Alikuwa amejipikia mwenyewe, na sasa sufuria ilikuwa mezani. Kukiri kwamba alifundisha majibu lilikuwa jambo dogo. Angeweza hata kulisema kwa madaha. Lakini angeulizwa kwa nini. Na jibu la swali hilo lilikuwa limesimama palepale mlangoni, likikausha mikono kwenye kanga na kusikiliza.

"Wimbo niliutunga mimi," alisema.

"Hilo tunalijua. Ni mzuri," alisema Chepchumba.

"Mstari wa tatu nilirekebisha mimi," alisema Nyibol.

Daktari aliuliza jambo. "Anataka kujua mama alichukua siku ngapi kuushika," alitafsiri Chepchumba.

"Siku? Mara mbili tu," alisema Bior, kisha akajua ameingia mwenyewe.

"Na yale maneno bila wimbo?"

Bior aliwahi kusema uongo mbele ya wanajeshi wa serikali mbili tofauti bila kope kutikisika. Alifungua mdomo kusema kwamba mkewe ni mzima kuliko wote waliomo humu ndani. Badala yake aliinua kikombe chake, akanywa, akakiweka.

"Chai hii ina chumvi," alisema. "Imekuwa na chumvi tangu mvua."

Nyibol alimtazama sana. "Na ukawa unakunywa?"

"Nilikuwa nakunywa."

"Mwanamume mjinga," alisema Nyibol, akakaa karibu naye.

Vibali vya kutoka kambini vilichukua siku tatu. Alhamisi gari jeupe liliwachukua wote wawili hadi Lodwar, Nyibol akiwa kiti cha mbele kwa sababu alikataa kiti kingine chochote. Njiani Bior alimweleza dereva, Chepchumba na askari wa kizuizi cha barabarani kwamba mtihani wa saa una kasoro, na kwamba Daktari Morgan, mtu muungwana, ameahidi kumrudishia alama yake.

Kliniki ilikuwa chumba cha bluu chenye feni moja. Safari hii Chepchumba alimruhusu Bior kukaa ndani, kwa sharti kwamba asitikise midomo. Karatasi ilikuwa mpya, maneno mapya. Nyibol aliulizwa siku, akataja Jumapili. Aliulizwa mji, akasema huu ni mji wenye joto. Aliulizwa yale maneno matano akasema aliyapa mtu ayashike na huyo mtu hajarudi. Kila jibu lilimchoma Bior ubavuni, na kila jibu lilipoandikwa alivuta pumzi, kwa maana ndilo lililokuwa likiwaletea Alhamisi nyingine. Hakuwahi kufikiri angekaa siku moja kumwombea mtu wa nyumba yake aanguke.

Kumi na nane kati ya thelathini. Jina lake liliingia kwenye orodha, na Chepchumba akapanga vipimo vya damu asubuhi ileile.

"Swali la mwisho, mama, halafu upumzike," alisema. "Huyu aliyekaa hapo ni nani?"

Nyibol aligeuka. Alimtazama Bior kuanzia kofia hadi ndara, bila haraka, kama mtu anayekagua mbuzi aliyetajiwa bei kubwa. Bior alikaa wima. Mikono yake ilishika magoti.

"Huyu?" alisema Nyibol. "Ni msumbufu mmoja wa mtaa wetu. Anapenda sana mitihani."

Kalamu ya Chepchumba ilibaki hewani. Alimtazama mama, akamtazama mzee, asijue aandike nini. Usoni mwa Nyibol hapakuwa na kitu cha kumsaidia mtu.

"Andika ni sahihi," alisema Bior. "Tena mpe alama mbili."