Delfina Ashuka Kabla ya Kufika Juu

Delfina Glarey alikuwa amewapandisha watu kuta za barafu kwa miaka thelathini na mmoja, na asubuhi ile ya Februari mikono yake ilichoka hata kabla ya kuvaa glavu. Mbele yake maporomoko ya maji, yaliyoganda tangu Desemba, yalisimama mwambani kama ukuta wa kioo cha buluu. Nyuma yake Daktari Ottavio Brezzi, daktari wa meno mstaafu kutoka mji wa Torino, alihema. Walikuwa wametembea saa nzima kwenye theluji ya magotini.

"Bado u hai, Daktari?"

"Nusu tu. Nusu nyingine nimeiacha kwenye gari."

Walipanda pamoja kila majira ya baridi, huu ukiwa mwaka wa kumi na tisa. Delfina akatangulia, Daktari akabaki chini ameshika kamba.

Mita ishirini za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha akaipiga barafu kwa shoka lake la kupandia, likadunda. Akapiga tena. Zamani pigo moja lilitosha. Sasa alipiga mara sita, vipande vya barafu vikimnyeshea Daktari kofiani. Vidole vya mkono wa kulia vikakataa kumtii. Skrubu ya mwisho aliyoikaza barafuni kushikilia kamba ilikuwa mita nne chini ya miguu yake. Kuanguka kutoka pale kungekuwa kuvunjika miguu, pengine zaidi.

Kwa mkono wa kushoto akachomoa skrubu nyingine kiunoni, akaizungusha barafuni polepole, akapitisha kamba, akaning'inia.

"Kuna nini huko?" Daktari aliita.

"Barafu ya leo ngumu mno!"

Akaitazama tena. Barafu ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Nimekudanganya, Daktari. Ni mimi nimeishiwa. Nishushe!"

Miaka yote hiyo aliyekuwa akishushwa ni Daktari. Sasa yeye ndiye aliyeachia kamba kidogo kidogo. Delfina alipogusa theluji alikaa papo hapo, machozi yakamtoka. Daktari akamvua glavu, akavitia vidole vya Delfina kwapani mwake mwenyewe, ndani ya koti.

"Wagonjwa wangu walikuwa wakilia kabla sijawagusa," alisema. "Wewe umengoja mpaka nimalize."

Delfina akacheka kwa shida. "Mwakani tafuta mwongozaji mwingine."

"Mwakani tutatembea tu mpaka mkahawani kwa binamu yako, tule polenta, ule ugali wake wa mahindi."

"Kwa binamu yangu njia ni moja. Huhitaji mwongozaji."

"Nani kasema nataka mwongozaji?"

Delfina akavaa glavu. Wakafunga mizigo. Daktari alitangulia kufungua njia, akikanyaga ovyo na kuzama kila hatua ya tatu, na Delfina hakumrekebisha. Alifuata nyayo zake tu, kichwa chini.

Walipofika kwa binamu yake, Delfina alipiga simu ofisi ya waongozaji kabla hata ya kuvua viatu.

"Nifuteni kwenye orodha ya barafu."

"Ya wiki hii?"

"Nifuteni kabisa."

"Umeumia, Delfina?"

"Sijaumia. Nimechoka."

Upande wa pili kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi. Delfina akakata simu, akaagiza polenta yenye jibini sahani mbili. Zilipoletwa zikifuka moshi, alikuwa keshalala, shavu mezani, na Daktari akamwashiria binamu azirudishe jikoni taratibu.