Damu ya Somoe

Mimba ya tatu ilipoingia, Somoe hakumwambia mtu. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita. Ya pili alizaa mtoto mdogo kama kinda, akaishi siku tisa. Tangu hapo mtaa mzima wa Ufukoni ulikuwa umeshaamua kwamba tumbo la Somoe halishiki, na yeye mwenyewe, kwa kulisikia neno hilo kisimani na misibani, alikuwa amelikubali kama mtu anavyokubali jina lake.

Mumewe, Alawi, alikuwa kuli bandarini, mtu wa maneno machache. Waliishi na mama yake, Bi Mwanakombo, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti jikoni. Somoe alifuga kuku saba na wote walitaga vizuri, lakini mayai yalikuwa ya Alawi na ya wageni. Mwenye mimba akila yai, walisema, mtoto hutoka na kipara au huwa mwizi. Akila pweza, mtoto huzaliwa hana mifupa. Vipande vya samaki vilikwenda kwa wanaume, na Somoe akabaki na ugali wa muhogo, mchuzi mwepesi na chai ya rangi. Hakuona amenyimwa kitu. Aliamini anamlinda mtoto.

Mwezi wa nne wa mimba alianza kuona kizunguzungu kila anapoinuka. Siku alipodondosha ndoo ya maji mlangoni, Alawi alimchukua mwenyewe hadi kliniki.

Muuguzi wa pale aliitwa Yustina, mwanamke wa bara aliyehamia Mtwara kikazi. Alimvuta Somoe kope ya chini, akatazama, akatazama na kucha, kisha akamwuliza anakula nini tangu asubuhi hadi jioni. Somoe akamweleza. Akamweleza pia habari za wale wawili, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine, na mwisho akasema, "Mimi ndivyo nilivyo, dada. Watoto hawakai kwangu."

Yustina hakumcheka wala hakumkaripia. Aliweka kalamu chini.

"Hukuishiwa bahati, Somoe. Umeishiwa damu. Bahati siwezi kukupa, lakini damu tunaweza kuitengeneza, mimi na wewe."

Akampa vidonge, akamwonya kwamba vidonge peke yake havitatosha, akamtajia chakula: mayai, dagaa, pweza, mbaazi, mchicha, matembele. Vyote vilikuwa vitu vya nyumbani kwao. Mwaka huo wa sabini na tano kulikuwa na vikundi vya kusikiliza redio, watu wakifundishwa habari za chakula bora, na Yustina akamwambia ajiunge na kile cha mtaa wa Rahaleo, kilichokutana alasiri kwenye darasa la shule chini ya mwalimu Erasto.

Somoe alikwenda, akakaa nyuma kabisa. Wenzake walibishana na redio kana kwamba inawasikia. Yeye hakufungua mdomo. Lakini yale maneno ya kuishiwa damu yalikuwa yanamzunguka kichwani. Kama ni damu, basi si laana. Na kama si laana, basi kuna kitu anaweza kukifanya.

Asubuhi moja Bi Mwanakombo alipokwenda sokoni, Somoe alichemsha yai, akalimenya, akalila amesimama nyuma ya jiko. Halikukaa. Alilitapika lote, akaketi chini akiamini mwili wake umemkataza.

Alimwambia Yustina. Yustina akamwuliza kama mayai yalimtapisha utotoni. Hapana, utotoni aliyapenda. "Basi hukutapika yai," Yustina akasema. "Ulitapika hofu. Anza na kidogo, changanya na mchicha, kaa chini, kula taratibu."

Akaanza na kijiko. Siku ya pili vijiko viwili. Kila jioni aliweka mkono tumboni kusubiri adhabu. Badala ya adhabu, mtoto alicheza. Wiki ya tatu Somoe alikuwa anamaliza yai zima, na kizunguzungu kilikuwa kimepungua.

Ijumaa moja Bi Mwanakombo alirudi mapema, akamkuta na sahani mkononi. Somoe alidhani atafukuzwa. Mama mkwe wake alivua ushungi, akaketi kwenye mkeka.

"Umeanza lini?"

"Wiki ya tatu hii, mama."

Bi Mwanakombo akaanza kueleza jambo ambalo hata Alawi hakulijua. Alipata mimba mara nne. Mimba tatu alizishika kwa miiko yote, akazika watoto wawili, na wa tatu hakufika kuzaliwa. Ya nne iliingia mwaka wa njaa, mumewe yuko kwenye mashamba ya mkonge, ndani hamna punje. Kila maji yalipokupwa alikwenda mwambani na kijiti chake kuchokoa pweza. Alikula pweza, alikula mayai ya kanga, alikula majani yoyote yaliyolika. Akamzaa Alawi.

Somoe alihisi hasira ikimpanda polepole, hasira ambayo hakuwahi kuthubutu kuionyesha ndani ya nyumba ile.

"Ulijua, mama. Na ukaniacha nikazika."

"Sikujua. Nilidhani Mungu alinisitiri tu. Nikaona haya kusema, wasije wakamtazama mwanangu kwa jicho lingine." Akakunja ushungi wake mapajani. "Na niliogopa. Ungekula likatokea la kutokea, wangesema nimekulisha mimi."

Somoe hakumfariji, wala hakuondoka. Alimaliza sahani yake mbele ya mama mkwe wake, ameketi. Kesho yake maji yalipokupwa, Bi Mwanakombo alitoka na ndoo. Alirudi na pweza wawili, akawapondaponda juu ya jiwe la uani, majirani wote wakimwona, akawapika kwa nazi, na sahani ya kwanza akampakulia mkaza mwana wake. Jirani mmoja alipouliza, alimjibu kwa utulivu kwamba hapa nyumbani kuna mtu anatengeneza damu.

Mwezi wa Novemba, adhuhuri, Somoe alijifungua hospitalini mtoto wa kike wa kilo tatu na robo, mwenye kilio cha kusikika hadi nje alikokuwa amesimama Alawi. Siku ya tisa ilipofika Somoe hakula wala hakuzungumza, alimtazama tu mtoto akipumua. Siku ya kumi alicheka, akalia, akaomba chakula. Wakamwita Hamisa.

Mtoto alipotimiza miezi mitano, Yustina alikuwa anakwenda Kitaya, kijiji kando ya Mto Ruvuma, akamwomba Somoe afuatane naye. Somoe akasema yeye si mtu wa kusema mbele za watu. Akaenda hivyo hivyo, mtoto mgongoni.

Wanawake wa Kitaya walimsikiliza Yustina kwa adabu, kama watu wanavyomsikiliza mgeni wa serikali. Mjamzito mmoja aliyeketi mbele, Fauzia, alikuwa na macho meupe kwa kukosa damu kuliko ya Somoe siku zile. Somoe akasimama. Hakutaja redio. Aliwasimulia habari za watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine, bila kuficha, kisha akafungua kanga, akamshusha Hamisa katikati yao wamshike wenyewe.

Walipokezana mtoto. Wakapima uzito wake kwa mikono, wakavuta vidole vya miguu, wakamchekesha. Halafu maswali yakaanza, na hayakuelekezwa kwa Yustina. Je, kambale wa mtoni anafaa? Akikataa mume? Akikataa mama mkwe? Somoe akajibu kila moja, na alipokuwa hajui, alisema hajui. Wakateleka sufuria, wakaweka kambale na matembele, na Fauzia akapewa nafasi karibu na chakula.

Kufikia alasiri Somoe alikuwa amesema hadi sauti imemkauka, na bado walikuwa wanamwita kutoka upande huu na ule, "Mama Hamisa, hebu njoo huku."