Mkao wa Mti Kabla ya Fizikia

Usiku wa kuamkia mtihani wa fizikia niliota niko kwenye bwalo la shule, nimelala chali juu ya mkeka, na Madamu Sekela, mwalimu wetu wa yoga, anatuambia tushushe mabega.

Nashusha yangu. Yanateremka mpaka sakafuni, yanajinyoosha, yanatoka nje kuota jua. Wala sishangai. Yamechoka. Tangu kidato cha kwanza yamembeba baba, ambaye ameshatangaza mtaa mzima kwamba mimi ni daktari.

"Sasa acheni mawazo yapite," anasema Madamu.

Yanaanza kupita. La kwanza limevaa sare ya shule yetu, limechomekea vizuri.

"Samahani dada," linaniambia. "Mimi ni Ukifeli Je. Naomba njia."

Nimezoea kulala nalo. Nalikamata mguu.

"Tunu, liachie," unanong'ona mkeka. "Kila siku mnanilalia wawili. Mgongo unaniuma."

Naliachia. Linashukuru, linaelekea ofisini kwa mkuu wa shule, ambako nako linasubiriwa. Kifuani kwangu kunabaki kweupe, kama chumba kilichotolewa kabati.

Mara bwalo linageuka uwanja wa mpira.

"Mkao wa mti," anasema Madamu.

Nasimama kwa mguu mmoja, viganja nimevikutanisha juu ya kichwa. Vidole vya mguu vinaota mizizi. Chiriku anatua kwenye nywele zangu na kuanza kuzipanga.

"Mtihani lini?" ananiuliza.

"Asubuhi hii."

"Basi usitikisike. Hata mimi nina shughuli."

Upepo unakuja kwa kasi, unasimama mbele ya uso wangu. "Mwendokasi unapatikanaje?"

"Umbali, gawanya kwa muda."

"Sawa," unasema upepo, na kupita zake. Sijatikisika hata jani.

"Nimemaliza," anasema chiriku, sauti imechoka kidogo. "Asante. Ila utembee taratibu."

Kengele ya bweni ikanigutua. Nikaketi. Atuganile, anayelala kitanda cha juu yangu, alikuwa amesimama mbele yangu na mswaki mdomoni, akinikodolea macho kichwani.

"Tunu," alisema, "usiiname. Una yai kwenye nywele."

Nikapeleka mkono polepole. Lilikuwa dogo, na bado lina joto.

Niliingia chumba cha mtihani kwa hatua za bibi harusi, shingo imenyooka. Msimamizi alisema hajawahi kuona mtahiniwa aliyetulia namna ile.