Tope Mlangoni kwa Mama

Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote, Odalie na kaka yake Alcide hupakia ndoo ya chokaa kwenye boti, kisha huenda kulipaka kaburi la mama yao. Zamani walikwenda kwa miguu, wakikatiza shamba la michungwa. Sasa michungwa imemezwa na bahari, na kaburi linachungulia tu majini.

Mama alikuwa adui wa tope. Mto Mississippi ulipofurika, ulimwachia tope hadi jikoni, naye akalifagia huku akiulaani mto. Serikali ilipomaliza tuta la kuuzuia, alipika sufuria kubwa ya gumbo, mchuzi mzito wa kwao, akawalisha majirani. Nani angejua kwamba tope lile ndilo lililokuwa likiiinua nchi? Mto uliobanwa na tuta ukalipeleka lote kilindini mwa bahari, ardhi ikadidimia, bahari ikaingia bila hodi.

Mwaka jana serikali yenyewe ililitoboa tuta makusudi, ili mto upite tena. Leo, karibu na kaburi, boti ikakwama.

"Umelewa, Alcide?"

"Punguza mdomo, tazama chini!"

Lilikuwa tope la mto, laini, jipya. Odalie akavua viatu, akashuka. Likammeza mpaka vifundoni, kisha likamhimili. Alcide akachota maji kwa ndoo nyingine aoshe kaburi, maana nalo lilikuwa limechafuka kwa tope.

"Thubutu! Nitakuvika hiyo ndoo kichwani!" Odalie alifoka. Kisha akaligeukia kaburi.

"Mama, tumeingia na miguu michafu. Usitufukuze."