Pipa la Mrututu

Maji yaliyotoka kwenye bomba la mwisho wa mtaa yalikuwa na ubuluu. Haukuwa mwingi, lakini Nevena, msimamizi wa maji ya mji, aliyakinga kwenye ndoo nyeupe, na ndoo nyeupe haimfichi mtu. Alichovya kidole, akakigusa kwa ulimi, akatema.

"Usifungue koki kubwa, Tsanko!" alimpigia kelele fundi wake. "Kuna mtu katuingizia mrututu!"

Mwezi wa Mei mji mzima wa Asenovgrad hunyunyizia mizabibu mrututu, ile dawa ya buluu ya kuua ukungu. Na kila mwaka hakosekani mjuaji mmoja wa kutumbukiza mpira wa maji ndani ya pipa la dawa, kisha akaenda zake kunywa kahawa. Maji yakiwa na nguvu, hakuna neno. Lakini asubuhi hiyo maji ya mtaa yalifungwa ili kuziba bomba lililopasuka, na bomba lililofungwa hunyonya: wa chini akifungua mfereji wake, anavuta pipa la wa juu. Gari lilipita na kipaza sauti kuwatahadharisha watu. Nani husikiliza kipaza sauti?

Tsanko aligonga kila mlango, watu wakamwaga maji yao bila ubishi. Akarudi akihema.

"Velko hafungui. Anasema wiki jana tulimkatia maji kwa kisingizio cha uongo, leo hadanganyiki. Ameshajaza jagi, anakula."

Nyumba iliyo juu kidogo ya ile ya Velko ilikuwa ya kaka yake, Stamen. Nevena aliingia uani bila hodi. Pipa lilikuwa chini ya mizabibu, mpira umezama ndani. Dawa ilikuwa imeshuka shibiri nzima, na ukuta wa pipa bado umelowa buluu. Majani ya mizabibu hayakuwa na doa hata moja.

"Mzee Stamen, dawa imekwenda wapi?"

"Nimeshanyunyizia, binti. Mpira nimeutia sasa hivi tu."

"Kwa majani makavu haya?"

"Umekuja kupima maji au kunipima mimi?"

Hasira zilimpanda Nevena. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini huyu alikuwa anaficha na anaua. Upande wa pili wa ua wa mpaka, Velko alikuwa mezani anakata jibini, jagi mbele yake. Ndugu hao hawakuwa wamesemezana tangu wamzike mama yao, kisa ua huohuo umewekwa wapi.

Tsanko alimvuta Nevena mkono. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Nikalime mtu akinywa sumu?" Akamgeukia mzee. "Mimi Velko haniamini. Aseme mwenye pipa."

"Nimsemeshe yule? Bora nife!"

"Hutakufa wewe, mzee."

Velko akamimina glasi. Stamen akaitazama ile glasi. Ghafla akauruka ua, suruali ikachanika.

"Velko! Usinywe!"

"Loo, leo umepata ulimi?" Velko hakuinuka. "Tangu lini unanipangia cha kunywa?" Akainua glasi makusudi, macho kwa kaka yake.

"Ni mrututu! Pipa langu, mpira wangu, ujinga wangu! Mtaa mzima unisikie! Nimekutilia sumu, mdogo wangu!"

Majirani walikuwa wamejaa getini. Velko aliishika glasi kwenye mwanga, akaiangalia vizuri. Akaibwaga mezani, maji yakamwagika juu ya jibini.

"Stamen," alisema, na sauti haikuwa na kiburi tena. "Hii ni glasi ya pili. Ya kwanza nimeinywa hapa, nikiwasikia mnabishana."

Nevena alikimbilia gari la kumpeleka hospitali. Nyuma yake alimsikia mzee akimwita nduguye kwa jina lake la utotoni, tena na tena, huku amemshika kichwa atapike.