Viti Viwili vya Jidda

Kila asubuhi saa tatu, mafundi wa gereji za Kisenyi wakiwa wamekwisha kuanza kugonga mabati yao, Benedicte aliketi mkekani kando ya Mama Hindu, akabonyeza namba ya shirika la ndege, akaweka spika, na simu akailaza juu ya mto kati yao wawili. Kisha wakasikiliza muziki. Ulikuwa muziki usio na mwimbaji wala mwisho, na wiki ya saba sasa walikuwa wanaufahamu hata mahali unapokatika na kuanza upya.

Mama Hindu alikuwa katika eda. Mumewe, Mzee Faizal, muuza vipuri vya magari, alifariki katikati ya mwezi wa sita, na mjane wa ukoo wao akiwa katika eda hatoki nje, hajipaki manukato, wala hasemi kwenye simu na mtu asiye wa nyumbani. Ndiyo sababu sauti ilikuwa ya Benedicte, msichana wa Butembo, Mkristo, aliyeishia darasa la sita, aliyekuwa akipika na kufua mle ndani mwaka wa nne huu. Tangu Mzee akiwa hai, yeye ndiye aliyemsomea barua za shirika. Macho ya Mzee yalikuwa hayaziwezi tena herufi ndogo.

Miaka kumi na saba Mzee Faizal alikwenda Dubai kununua vipuri, na kila safari shirika lilimwandikia maili kwenye kadi yake. Maili zikitosha, mtu hupewa tiketi bila kulipa nauli. "Hizi si za biashara," alikuwa akimwambia mkewe. "Hizi ni za Makka. Mimi na wewe, umra, na tutakaa dirishani." Lakini kila alipoomba, aliambiwa viti vya maili vimekwisha. Akaomba mwaka mmoja, akaomba na uliofuata, mpaka akatangulia yeye safari isiyohitaji tiketi.

Maili zikabaki. Nazo zilikuwa na siku zake: mwisho wa mwezi wa kumi na moja zingefutwa. Eda ya Mama Hindu ingeisha mwishoni mwa mwezi wa kumi. Katika nafasi hiyo ya mwezi mmoja na siku chache, alitaka viti viwili vya Jidda, uwanja wanakoshukia waendao Makka, kimoja chake na kingine cha mwanawe Abubakar wa kumsindikiza. Nauli ya kulipa hawakuwa nayo. Duka lilikwisha kufungwa.

Muziki ukakatika. "Karibu, unaongea na Awiti. Nikusaidie aje?"

"Habari, dada. Ni Benedicte tena. Kwa akaunti ya Bwana Faizal."

"Bene! Bado tu hujachoka? Bwana Faizal hajambo?"

Benedicte akamtazama Mama Hindu. Mama Hindu alikuwa akitazama mto.

"Tunashukuru Mungu," akasema.

Ndivyo alivyojibu tangu siku ya kwanza. Kwao mtu huweza kumshukuru Mungu hata matangani, kwa hiyo aliona hajasema uongo. Wala hakuna aliyemwuliza zaidi. Kuulizia viti si kuvichukua.

"Hebu nione," Awiti akasema, na vidole vyake vikasikika. "Tarehe tano ya mwezi wa kumi na moja, Entebbe kwenda kuna viwili. Kurudi, sifuri."

"Basi waende, watarudi kwa miguu," Benedicte akasema.

Awiti akacheka kwa sauti. "Ukipata viatu vya kuvuka bahari, niambie. Tarehe tisa kiko kimoja. Kumi na mbili, hakuna kabisa."

"Dada, ndege nzima imejaa?"

"Haijajaa. Kwa pesa ziko nafasi sitini na kitu. Kwa maili hazijafunguliwa."

"Na anayefungua ni nani?"

"Hata mimi sijawahi kumwona, Bene. Piga kesho."

Benedicte akaandika kwenye daftari lake: tarehe tano, kwenda tu, tarehe tisa, kimoja. Kurasa kumi na mbili zilikuwa zimejaa hivyo. Alikuwa amechunguza akaona kwamba Jumatatu viti huwa vichache, Alhamisi hujitokeza, na kwamba kiti kilichoonekana saa tatu, saa nne hakipo. Alivifuatilia viti hivyo kama mtu anayefuatilia kuku wa jirani, anataga wapi.

Siku moja Loice, aliyeuza katogo ya ndizi na utumbo kwa mafundi pale chini, alipandisha chai akawakuta wakisikiliza muziki.

"Ndege gani hii inayopandwa kwa spika?" akauliza. "Sisi wengine tungekuwa tumefika Makka kwa kutambaa."

"Wewe Loice wa kanisani, Makka utafuata nini?" Mama Hindu akamwambia, na kwa mara ya kwanza siku nyingi mdomo wake ukalegea kidogo.

"Ningekubebea mizigo." Loice akaketi. "Ila siku wakivipata hivyo viti, watataka kumsikia mwenye kadi. Mimi nawaambia. Basi mwiteni Opoka wa gereji. Koo lake zito, mnasema tofauti gani na la Mzee? Aseme ndiyo, ndiyo, basi. Mwanamume kwenye simu ni koo tu."

Mama Hindu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akanywa chai. Benedicte aliyaona hayo, akayachukulia kuwa ruhusa.

Alhamisi moja mwishoni mwa mwezi wa tisa, siku ya mia na tatu ya eda, Awiti hakusema "hebu nione". Alipiga kelele.

"Bene! Viko! Tarehe kumi na moja kwenda, ishirini na tano kurudi. Viwili viwili! Lete majina upesi."

Benedicte alisoma majina kutoka pasipoti, herufi moja moja. Mama Hindu alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake mweupe na kuikunja, kuikunja.

"Vizuri. Sasa, kati ya abiria hakuna mwenye kadi, kwa hiyo mwenyewe lazima akubali kwa mdomo wake. Mpe simu Bwana Faizal."

Benedicte akakimbilia dirishani, akampungia Loice mkono: mlete Opoka, mlete! Akarudi mkekani.

"Amelala, dada. Ngoja kidogo."

"Mwamshe, tafadhali. Siwezi kuvishika zaidi ya dakika tano."

"Ndiyo, namwamsha. Nam—"

Mama Hindu akauinua mkono, akaichukua simu juu ya mto. Hakuwa amesema na mgeni kwenye simu tangu siku ya mazishi. Akaishika mbali kidogo na uso, kama kitu cha moto.

"Mwanangu," akasema, "huyo unayetaka aamshwe ni mume wangu. Amekufa."

Kule upande wa pili vidole vikaacha kuandika.

"Mama," Awiti akasema polepole, "simu hii inarekodiwa."

"Najua. Nimekaa humu ndani siku mia na tatu kwa sababu amekufa. Nikikuambia yu hai, basi nimekaa humu kwa sababu gani? Niende nikazunguke Nyumba ya Mungu kwa kumfufua mume wangu kwenye simu?"

"Pole, mama. Pole sana." Vidole vya Awiti vikasikika tena. Alipoanza tena, alikuwa anasoma masharti ya shirika. Maili ni za mwanachama mwenyewe. Akifariki, hazirithiwi wala hazihamishwi. Akaunti ya marehemu hufungwa siku shirika linapopata taarifa.

"Taarifa umeipata," Mama Hindu akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na viti?"

"Nimeviachia. Samahani."

Hatua zikasikika kwenye ngazi. Opoka akasimama nje ya pazia, akisafisha koo, mikono yake ikinuka mafuta ya gari hata humo ndani. "Niko tayari," akanong'ona. "Niseme ndiyo tu, ama kuna lingine?"

Benedicte akatoka. "Rudi kazini, kaka. Asante. Hakuna lingine."

Aliporudi, alimkuta Mama Hindu ameirudisha simu juu ya mto, na machozi yanashuka bila sauti. Siku ya mazishi hakulia. Wanawake walimsifu kwa subira yake. Benedicte akapiga magoti.

"Mama Hindu, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema amelala."

"Hukunikosea, mwanangu." Akajipangusa kwa kiganja. "Kila asubuhi yule binti alipouliza Bwana Faizal hajambo, nilikuwa nangoja hilo kuliko viti. Mji huu wote hakuna mwingine anayemwuliza hivyo. Leo nimemwona akizikwa mara ya pili, na safari hii koleo nimeshika mimi."

Chini, Loice alikuwa akiwaeleza mafundi jambo kwa sauti ya chini, na nyundo zilikuwa zimenyamaza.

"Mpigie Abu," Mama Hindu akasema hatimaye. "Mwambie asiombe likizo."

"Akiuliza sababu?"

"Hiyohiyo niliyowaambia wa shirika."

Benedicte akaichukua simu, akaitafuta namba ya Abubakar. Safari hii hakuweka spika.